Bango la Herufi: Kutoka Bulaq hadi Mbekenyera



Walimu wa madrasa moja katika kata ya Mbekenyera, wilayani Ruangwa, wametuletea ombi lisilo la kawaida katika ukurasa huu wa familia. Tumezoea kuulizwa juu ya mahari, malezi na mirathi. Wao wanataka kujua namna ya kutengeneza bango. Wamekusudia kubandika ukutani karatasi kubwa itakayoonesha herufi za Kiarabu za chapa ya kale, zile zilizomo katika vitabu vikuukuu walivyorithi kwa walimu wao, ili watoto wauone uzuri wake. Wamechangishana baada ya mauzo ya ufuta, na sasa wanauliza waandike nini, wapange vipi, na wajihadhari na nini.

Tumelipokea ombi hilo kwa furaha, na tumeona tulijibu hapa mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa mwishoni mwa barua yao walimu hao wametaja, kana kwamba ni jambo la pembeni tu, kisa ambacho kwetu sisi ndicho kiini cha shauri zima.

Familia moja ilikuwa na karatasi ya marehemu babu yao, iliyokunjwa na kuwekwa kashani pamoja na kanzu yake na tasbihi. Kwa kuwa karatasi hiyo imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, wajukuu waliichukulia kuwa ni dua, wakaitunza kwa heshima ya dua. Ulipozuka ubishi wa mpaka wa shamba, kijana mmoja wa nyumba hiyo, naye amekwisha kuhitimu Qur'ani, aliifungua akaisoma kwa sauti. Akatamka: "kibadi sha shaba". Kiarabu si Kiarabu, na Kiswahili hakikumjia. Wapo waliodhani kwamba babu alikuwa akieleza habari za madini, na katika wilaya yenye machimbo ya kinywe dhana hiyo haikuwa ya mchezo. Hata alipoitwa mzee mmoja wa makamo ya babu yao, akaishika karatasi mbali na macho, akasoma bila kusita: "kipande cha shamba". Chini yake ilikuwamo idadi ya mikorosho, na majina ya majirani wa pande zote nne.

Msomaji asimlaumu kijana huyo, wala asimlaumu babu. Herufi za Kiarabu hazina p, hazina ch, hazina v, wala hazina g ya "gunia". Na irabu zake za juu na chini ni tatu tu, ilhali sisi tuna sauti tano. Waandishi wetu wengi wa zamani hawakuona dhiki. Ba waliibebesha b, p na mb. Shin waliibebesha sh na ch. Dal ikasimama mahali pa d na nd. Kasra ikawa i na pia e. Waliandikiana watu waliokuwa wakikijua Kiswahili, na maana ya sentensi ndiyo iliyojaza mapengo. Basi "kipande" ikaandikwa kwa kaf, ba na dal, na "shamba" ikaandikwa sawasawa na "shaba". Kijana wetu amefunzwa herufi hizo hizo kwa ajili ya tilawa, ambako kila harakati ina hukumu yake na hakuna ruhusa ya kukisia. Hakuna aliyemwambia kwamba babu yake alizitumia pia kwa lugha ya nyumbani, na kwa kanuni nyingine.

Kwa hiyo jawabu letu kwa walimu wa Mbekenyera, kabla hatujafika kwenye vipimo na wino, ni hili: bango lenu liseme Kiswahili. Lioneshe chapa ya kale kwa uzuri wake wote, lakini maneno yatakayoionesha yawe maneno ya Mbekenyera. Bango la namna hiyo litawafundisha watoto kusoma karatasi za wazee wao huku wakidhani wanatazama mapambo.

Ama chapa yenyewe, tuieleze kidogo, kwani watu huchanganya mambo mawili. Msahafu wa Madina ulio katika nyumba zetu nyingi, wenye kurasa 604 na mistari 15 katika ukurasa, ni khati ya mkono. Aliyeuandika ni khattat Uthman Taha, kisha mashine ikanakili mwandiko wake. Kadhalika misahafu mingi ya Kihindi ambayo wazee wetu waliisomea ilitokana na mwandiko wa mkono uliohamishiwa juu ya jiwe la chapa. Chapa ya herufi ni kitu kingine. Hapo kila herufi huchongwa peke yake, ikamiminwa kwa risasi, na mpangaji akaziokota moja moja kutoka sandukuni hadi neno likamilike. Walimu wakitaka kujua vitabu vyao ni vya aina gani, watafute neno moja lililorudiwa mara mbili katika ukurasa. Likiwa sawasawa mithili ya mapacha, ni risasi; likipishana japo kwa mkia wa nun, ni mkono wa mtu.

Kwa Kilatini kazi hiyo ni nyepesi, maana kila herufi husimama pekee. Kwa Kiarabu herufi hushikana mikono, hupandana mabegani, na hubadili umbo kwa kadiri ya jirani yake. Wapiga chapa wa Ulaya walijaribu mapema na wakashindwa vibaya. Msahafu uliochapwa Venice na akina Paganino katika miaka ya 1530 ulijaa makosa, hata dal na dhal hazikutofautishwa. Na Mwislamu atakayesoma kitabu kama hicho hahitaji kuambiwa kwa nini hakikupata wanunuzi. Hapa ndipo herufi inapoacha kuwa urembo tu na kuwa amana.

Mwaka 1820 Muhammad Ali Pasha aliasisi matbaa ya serikali ya Misri huko Bulaq, mtaa wa Cairo ulio kando ya mto Nile. Ndiyo iliyoitwa pia al-Amiriyya. Herufi zake za mwanzo zilitoka Ulaya na hazikupendeza macho yaliyozoea khati ya naskhi. Zikachongwa nyingine, na baada yake nyingine tena, hadi mwanzoni mwa karne ya 20, matbaa hiyo ilipofanyiwa matengenezo makubwa kwa kufuata mwandiko wa khattat Muhammad Ja'far Bey. Vipande vya risasi vilivyokuwa zaidi ya 900 vikapunguzwa kwa kiasi cha nusu, bila ya maneno kuharibika sura. Tunasisitiza jambo hilo kwa sababu ndilo fundi wa bango anapaswa kulionesha: kwamba palikuwa na mtu aliyeamua nini kiachwe na nini kisiguswe. Herufi hizo ndizo zilizopanga msahafu wa Cairo wa mwaka 1924, uliosimamiwa na jopo lililoongozwa na Sheikh Muhammad Ali Khalaf al-Husayni, na ambao usomaji na hesabu ya aya zake vilienea duniani kote.

Vitabu vya fiqhi, nahau na maulidi vilivyochapwa Misri vilifika pwani yetu kwa meli na majahazi, vikauzwa Unguja na Mombasa, na kutoka huko vikaingia bara katika mikoba ya walimu. Wamwera wa upande wa Ruangwa na Nachingwea waliingia katika Uislamu kwa wingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, nao walifundishwa na watu waliotembea kwa miguu wakiwa na vitabu vya aina hiyo. Unguja yenyewe ilipata matbaa ya Kiarabu katika utawala wa Sayyid Barghash, na kufikia mwaka 1880 ilikuwa ikichapa juzuu za Qamus al-Shari'a, kitabu kikubwa cha sharia cha Ibadhi.

Hata hivyo Kiswahili hakikupewa nafasi katika sanduku la risasi. Karibu vyote vilivyopangwa kwa herufi hizo vilikuwa vya Kiarabu. Kiswahili kilibaki kwenye kalamu ya mwanzi. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alipoanzisha Sahifa mwaka 1930, karatasi ya mawaidha kwa Kiswahili, aliiandika kwa herufi za Kiarabu. Makala zake zilipokusanywa kuwa kitabu mwaka 1944 kwa jina la Uwongozi, zilitoka kwa Kilatini. Katika miaka 14 tu, maneno yale yale yakabadili vazi.

Wala tusidhani kwamba huku kusini tulikuwa nje ya habari hizi. Sarafu za watawala wa Kilwa, ambayo leo imo katika mkoa huu huu wa Lindi, ziliandikwa kwa herufi hizo karne nyingi kabla ya Mjerumani. Machemba, mkuu wa Wayao katika nyanda za Makonde, alipotakiwa na Wissmann asalimu amri mwaka 1890, alimjibu kwa barua ya Kiswahili iliyojaa kujiheshimu. Kampuni ya Kijerumani yenyewe, ilipotoa sarafu za shaba za pesa moja kati ya mwaka 1890 na 1892, iliziandika kwa Kiarabu upande mmoja. Mfanyabiashara haandiki fedha yake kwa herufi zisizosomeka sokoni. Na mwaka 1908 ile iitwayo barua ya Makka ilinakiliwa kwa mkono na kusambazwa kutoka Lindi, mpaka serikali ikaingiwa na hofu. Ukweli wa barua ile ni mjadala mwingine, wala hatuutetei. Tunachokitazama ni kwamba watu walioweza kunakili barua na kuisambaza kwa kasi ile hawakuwa watu wasiojua alifu wala bee.

Kisha zikaja shule za Kilatini, na ofisi za Kilatini, na baadaye elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970. Kampeni ile ilikuwa ya kheri, na mama zetu wengi waliandika majina yao kwa mara ya kwanza kwa sababu yake. Lakini mzee aliyekuwa akiandika wasia, akiweka hesabu za duka na kuwasomea majirani barua zao, alikalishwa darasa la mwanzo na kuhesabiwa kuwa hajui kusoma. Watoto wake walimwona akihesabiwa hivyo, nao wakaamini. Nyaraka ngapi zimefukiwa au kuchomwa kwa imani hiyo, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Sasa tuje kwenye bango.

Bahati njema ni kwamba chapa ya Bulaq haikufa pamoja na risasi. Khaled Hosny, Mmisri, ameihuisha kwa ajili ya kompyuta, akaitoa mwaka 2011 kwa jina la Amiri, kwa heshima ya al-Amiriyya. Inapatikana bure, na leseni yake inaruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa mwingine. Walimu hawahitaji kununua wala kuiba. Humo zimo pia herufi za ziada zinazohitajiwa na lugha zisizo Kiarabu, yetu ikiwa mojawapo.

Karatasi iwe ya kipimo cha A2, yaani sentimeta 42 kwa 59.4, ikisimama wima. Ikiwa fedha zinatosha, A1 ni bora zaidi. Juu, upande wa kulia, iwekwe herufi moja tu, kubwa kiasi cha kushika theluthi moja ya karatasi. Wengi watataka alif kwa kuwa ndiyo ya kwanza, au lam-alif kwa kuwa inavutia. Sisi tunapendekeza ayn. Hakuna herufi inayoonesha kazi ya khattat kuliko hiyo, kwani ikiwa mwanzo hufungua kinywa, ikiwa katikati hujifumba kama fundo, ikiwa mwisho hushusha mkia uliofungika kichwa, na ikiwa pekee huwa kamili. Chini yake yaandikwe maneno manne ambayo hakuna nyumba isiyoyajua: elimu, ambamo ayn iko mwanzo, taarifa, iko katikati, jamii, iko mwisho ikiwa imeshikwa na ya, na dhiraa, iko mwisho lakini pekee, kwa kuwa alif haimshiki jirani wa kushoto. Maneno hayo yameingia katika Kiswahili yakiwa na ayn zao, na kalamu ya Kilatini ndiyo iliyotusahaulisha. Mtoto atakayeyasoma manne hayo ameimaliza ayn. (Na akiuliza dhiraa ni nini, babu anyooshe mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.)

Sehemu ya pili, ambayo kwetu ndiyo roho ya bango, iwe ya herufi nne za Kiswahili: pe, che, ve na ga. Kazi ya kuzitafutia alama ilifanywa na watu wa pwani yetu kwa muda mrefu. Miongoni mwao alikuwamo Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Na karibu na zama zetu Sheikh Yahya Ali Omar, naye wa Mombasa, aliyeandika pamoja na P. J. L. Frankl mapendekezo yaliyotoka mwaka 1997. Tazameni sasa jambo la kupendeza. Ba ina nukta moja, jim ina nukta moja, fa ina nukta moja, ghain ina nukta moja. Kila moja ikiongezwa nukta mbili, zikawa tatu, tunapata pe, che, ve na ga. Katika ga pana khitilafu, kwani wapo walioridhika na ghain tupu na wapo waliochukua gaf ya Kiajemi. Tunachagua ghain yenye nukta tatu kwa sababu inakamilisha safu, na mtoto hushika kwa urahisi kanuni moja kuliko nne.

Basi chapeni ba, jim, fa na ghain kwa wino mweusi, zikiwa na nukta zao za asili. Nukta mbili za nyongeza zisichapwe. Zitiwe kwa mkono, kwa kalamu ya wino mwekundu, zikiunda pembetatu pamoja na ile nyeusi. Nyeusi itakuwa ya Bulaq, nyekundu itakuwa yetu, na mtoto ataona kwa jicho moja kilichopokewa na kilichoongezwa. Wino mweusi na mwekundu ndio uliotumika katika miswada mingi ya pwani hii, hivyo hamtakuwa mmezua jambo. Kando ya kila herufi pawekwe neno lake, na maneno yatoke shambani: pembejeo, choroko, mavuno, gunia.

Tulifikiri kupendekeza pia orodha ya herufi zote 28, kisha tukaona tuiache. Orodha hiyo imo katika kila juzuu ya kuanzia, na bango lililojaa kila kitu husomwa na aliyelitengeneza peke yake.

Sehemu ya tatu, chini kabisa, iandikwe kwa mstari mmoja Mbekenyera. Neno hilo ni mtihani mzuri. Kwa mtindo wa kale yangetosha ba, kaf, nun, ya na ra, na kwa kasra tatu msomaji mgeni angetamka "Bikinyira". Tunashauri mim irudishwe mwanzo, na e itofautishwe na i. Wako waandishi waliotumia alif ndogo iliyosimama chini ya herufi kwa ajili ya e, na damma iliyogeuzwa kwa ajili ya o. Alama zote mbili zimo katika Amiri. Ni vyema mstari huo uandikwe mara mbili: kwanza kama angeuandika babu, kisha kama utakavyoandikwa sasa, mmoja juu ya mwenziwe. Hapo ndipo kijana atakapojifunza kukisia, na kukisia ndiyo elimu inayohitajika mbele ya karatasi kuukuu.

Maelezo ya Kilatini yawe mafupi na madogo, pembeni kushoto: jina la chapa, mahali ilipochongwa, na miaka. Mistari miwili inatosha.

Sasa hadhari. Aya za Qur'ani na majina ya Mwenyezi Mungu yasiwekwe katika bango hili. Tunajua kwamba nia ni njema, na kwamba mtu akiombwa aoneshe herufi nzuri moyo wake humwelekeza kwenye bismillahi. Lakini bango ni kitu cha kuguswa na mikono yenye chaki, kunyeshewa na mvua ya dirishani, kuchanika, na hatimaye kufungia karanga. Kinachostahiki kutukuzwa kiwekwe mahali pa kutukuzwa. Isitoshe, lengo letu ni kuonesha kwamba herufi hizi ziliwahi kubeba pia hesabu ya magunia, na jambo hilo halioneshwi kwa aya.

Hadhari ya pili ni ya duka la chapa, na hapo ndipo fedha nyingi hupotelea. Programu nyingi za kutengenezea mabango, hasa zile za zamani, hazijui Kiarabu. Mtu huandika neno sahihi, likatoka herufi zimeachana na zimepangwa kutoka kushoto. Sote tumeyaona mabango ya mihadhara ambayo jina la Mtume, rehema na amani zimshukie, limekatwakatwa namna hiyo, na hakuna aliyeligundua mpaka lilipotundikwa barabarani. Kazi itengenezwe kwanza kwenye programu inayounganisha herufi, ihifadhiwe kwa PDF pamoja na fonti yake, na mwenye duka apewe faili hiyo, asiandike upya. Kabla ya kulipa, mwalimu mmoja asimame mbele ya nakala ndogo ya majaribio, asome kila neno kwa kidole.

Yapo makosa mengine ambayo mafundi huyafanya kwa nia ya kupamba. Herufi zisivutwe upana kwa kompyuta, kwani unene wake huharibika; neno likihitaji kurefushwa, hurefushwa mkono unaounganisha herufi. Zisilazwe upande kama herufi za Kilatini za mlazo. Zisitenganishwe kwa kuongeza nafasi baina yake, maana hapo muunganiko hukatika. Na baina ya mstari na mstari iachwe nafasi kubwa kuliko ya Kilatini, ili kasra ya juu isigongane na damma ya chini. Picha za misikiti, miezi mwandamo na rangi za dhahabu zipumzike. Karatasi nyeupe inatosha.

Wanaoandika kwa simu watambue kwamba katika simu nyingi, kibodi ya Kiarabu huficha pe chini ya ba na che chini ya jim. Kidole kikibonyeza kwa muda, hujitokeza. Wakihamia kibodi ya Kiajemi au ya Kiurdu watazipata waziwazi, lakini waangalie ya ya mwisho, kwa kuwa huko hutoka bila nukta zake. Na madrasa isiyo na kompyuta isikate tamaa: ayn kubwa inaweza kutolewa kwa mashine ya kopi, ikakuzwa hatua kwa hatua, kisha ikapitishwa kwa penseli juu ya karatasi ya manila na kujazwa wino. Itachukua jioni mbili tatu, na vijana watakaoifanya hawataisahau ayn hiyo maishani.

Jambo moja tunaliongeza bila ya kuombwa. Bango likishatundikwa, zitaanza kuletwa karatasi kutoka makashani. Zisipigwe pasi, zisitiwe gundi, wala zisifunikwe kwa plastiki ya moto, ambayo haibanduki tena. Zipigwe picha kwa simu mchana, mbali na jua kali, pande zote mbili, kisha zirudishwe kwa wenyewe siku ile ile. Karatasi yenye habari za mirathi au mipaka isisomwe hadharani kabla warithi wote hawajaarifiwa; asomewe kwanza mkubwa wa familia, na wawepo mashahidi wawili wanaoijua khati. Tukipata afya, inshaAllah, tutarejea suala la hadhi ya nyaraka hizo mbele ya mabaraza ya ardhi, kwani hilo linataka ukurasa wake.

Bango litundikwe chini kuliko ilivyozoeleka, usawa wa macho ya mtoto aliyekaa mkekani, si usawa wa mwalimu aliyesimama. Nakala ya pili iwekwe penye darasa la akina mama la alasiri, kwa kuwa funguo za makasha aghlabu ziko kwao.